Kuwinda mboloko Ituri: kutulia kunapita nguo ya madoadoa

Vijana wengine wanaoingia pori wanafikiri nguo ya madoadoa, kama ile ya askari, itawaficha mbele ya nyama. Lakini wawindaji wa zamani wa Ituri walifanya kazi yao bila nguo hiyo.

Mboloko ni swala mdogo, wa kilo 4 hadi 6 hivi. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo anaona sehemu kubwa bila kugeuka. Rangi hazitofautishi vizuri sawa vile mtu, lakini kitu kikijongea, hata mkono tu, anakiona palepale. Tena nguo haifichi harufu, wala mlio wa jani kavu chini ya mguu.

Waefe, wanaowinda kwa upinde, wanafanya hivi: kabla ya kupambazuka, mwindaji anapanda juu karibu na mti unaoangusha matunda, anatulia kimya, anangoja mboloko aje kula. Mwingine anabana pua na kuiga mlio wake, nyama anakuja mwenyewe. Anayemfuata kwa miguu anapima upepo kwanza: uvume kutoka kwa nyama kuja kwake. Nyama akiinua kichwa, mwindaji anasimama kama kisiki.

Kuna hatari nyingine. Raia hana ruhusa ya kuvaa nguo ya jeshi, na katika pori lenye watu wa silaha anaweza kuchukuliwa kuwa adui. Mboloko hadanganyiki na nguo hiyo; mwenye bunduki ndiye anayedanganyika.