Siku 84

Mdogo wangu alizaliwa mwaka 2008. Likizo ya mama ilipoisha, nilijua kwa harufu ya mafuta ya taa: jiko liliwashwa saa kumi alfajiri. Mama alikuwa karani katika ofisi moja Posta. Kutoka Mbezi Luis, siku yenye foleni, alihesabu saa mbili za kwenda na mbili za kurudi, nyingi akiwa amesimama kwenye daladala.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa siku 84 za likizo yenye malipo, ambazo zingekuwa 100 kama angejifungua pacha. Baada ya hapo ilimruhusu kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Bosi wake akamwambia, "Mlete hapa umnyonyeshe." Amlete wapi? Chumba hakikuwepo, na mtoto wa miezi mitatu utampandishaje daladala la kugombania? Mwishowe wakamruhusu atoke saa nane mchana badala ya saa kumi. Foleni ya Ubungo ikazila saa zote mbili. Alifika blauzi imelowa maziwa, mtoto amelala, bibi akisema, "Pole mwanangu, nimempa uji mwepesi."

Sasa nasoma shahada ya uzamili ya historia, na namba 84 bado inanisumbua. Ni wiki 12. Ni idadi ileile iliyowekwa Washington mwaka 1919, kwenye mkutano wa kwanza wa Shirika la Kazi Duniani: wiki 6 kabla ya kujifungua, 6 baada, na nusu saa mbili kila siku za kunyonyesha. Kwetu, enzi za ukoloni, mashamba ya mkonge yalichukua manamba, wengi wao wanaume, na familia zikabaki vijijini. Ujira wao haukuhesabu mke wala mtoto. Mwaka 2000 Shirika hilo likapandisha kiwango hadi wiki 14. Miaka minne baadaye, sheria yetu ikaandika 12.

Baba alipewa siku 3. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2007, baba hupata wiki 2. Uswidi iliwaruhusu wazazi wote wawili kugawana likizo tangu 1974.

Lakini kilichomshinda mama hasa ni umbali. Saa mbili za kunyonyesha zinamfaa mama ambaye mtoto wake yuko jirani na kazi, na mji wetu umewasukuma wafanyakazi wake hadi Mbezi na kuendelea.

Dada yangu anarudi kazini Jumatatu. Barabara ya Morogoro imepanuliwa, na tangu 2021 stendi kuu ya mabasi iko kwetu. Jana usiku alikuwa anakamua maziwa na kuandika saa kwenye kila chupa. Mama alimtazama kwa muda.

"Kazini kwenu kuna friji?"

Dada akasema ataulizia.