Simu ya Mathe Haikuwa Mbovu

Wasee, leo nakiri kosa.

Nilipoacha kampasi hapa Eldoret niliunda apu ndogo ya kuonyesha bei ya mahindi, grafu nikaichora mwenyewe. Mathe ni mkulima. Akaisukuma kwa kidole, akainua kidole, grafu ikasimama ghafla kama matatu imeona polisi. "Imekwama," akasema. Nikamwambia shida ni simu yake.

Uongo. Turudi 2007. Machi, Safaricom ilizindua M-Pesa: bonyeza namba, ngoja, menyu nyingine. Juni mwaka huohuo iPhone ikaanza kuuzwa Marekani, na ndani yake orodha zinazoendelea kuteleza hata kidole kikishatoka, zikipunguza mwendo kama mpira kwenye nyasi. Bas Ording wa Apple ndiye aliyebuni ule mvutiko wa mwisho wa orodha: inanyooka kidogo halafu inarudi. Kamchezo hako kalifika hadi kortini, Apple ikiishtaki Samsung.

Huku kwetu, wengi walianza kugusa skrini 2011, Safaricom ilipoleta Huawei IDEOS kwa shilingi kama 8,000. Prosesa ya megahazi 528! Nadhani hapo ndipo tulizoea kuamini kwamba kukwama ni kawaida ya simu ya mtu wa kawaida. Android yenyewe ililainishwa kwa bidii 2012, toleo la 4.1, ikilenga picha 60 kwa sekunde. Yaani una milisekunde 16 hivi kuchora kila moja.

Sasa, ukitumia orodha za Android zilizo tayari, kuteleza unapewa bure. Ukichora kitu chako, mfumo unakuambia kidole kiko wapi, basi. Lazima upime kasi kidole kinapoinuka, uikabidhi kwa Scroller, ambayo inapiga hesabu ya msuguano. Halafu kwa kila picha uiulize tumefika wapi, uchore tena, mpaka itulie. Kidole kikigusa tena njiani, uisimamishe. Scroller imekuwepo tangu Android ya kwanza, 2008. Mimi sikuwa nimeiita hata mara moja, na bado nikamlaumu mathe.

Nikakaa usiku mmoja nikaandika. Asubuhi nikampa simu ileile. Akasukuma, grafu ikateleza, ikapunguza mwendo, ikatulia mwezi wa tatu.

Akaiangalia. "Na bei ya wiki hii iko wapi?"