Kichomeko, Wala si Kiunganishi

Kile kipande cha plastiki kinachokaa nyuma ya balbu ya taa kubwa ya gari, chenye matundu matatu yanayopokea ndimi tatu za balbu, na ambacho mafundi wetu wa njia ya Arusha na Moshi, kuanzia Tengeru hadi Makumira na Usa River, hukikuta kimeyeyuka na nyaya zake zimekakamaa mithili ya majani ya mgomba katika kiangazi, kimepewa katika vitabu vya mafunzo ya ufundi jina la kiunganishi. Jina hilo nimelikataa tangu siku nilipolisoma, na madhali waliolipitisha hawakuona wajibu wa kutoa hoja, sina budi kuzitoa zangu hadharani ili wenye insafu wapime.

Kiunganishi, kwanza, kina mwenyewe. Kila aliyepita darasa la sarufi amefundishwa kuwa "na", "lakini" na "ili" ni viunganishi, walakini hilo nitalisamehe, kwani neno moja laweza kubeba maana mbili pasipo madhara. Nisilolisamehe ni kitenzi chenyewe. Kuunga ni kuvifanya viwili kuwa kimoja: mfupa huungwa, udugu huungwa, kamba iliyokatika huungwa, wala aungaye hakusudii kesho kutenganisha. Ama kifaa hiki kilibuniwa ili balbu ikifa itolewe na kuwekwa nyingine bila ya kukata waya hata mmoja, hivyo aliyekiita kiunganishi ametaja nusu ya kazi yake, tena nusu iliyo duni. Na taksiri hii haikomei vitabuni. Kijana aliyefundishwa kuwa kazi ya kitu hicho ni kuunganisha, akikikuta kimeyeyuka, haoni dhambi kukikata, kuzisokota nyaya kwa vidole, kuzizungushia utepe na kumrudishia mwenye gari mali yake, kwa sababu kwa mujibu wa jina alilopewa amekwisha kuunganisha.

Lugha yetu ilikuwa na neno tayari, na aliyelitaka angelipata kwa kuinama tu. Chukua choma, kitenzi cha Kibantu ambacho ndani yake mna kudunga na mna moto: twachoma sindano, twachoma mkaa, na maumivu yanayodunga ubavuni twayaita kichomi. Kitie -ek-, nawe hupati ile hali ya kutendeka tuijuayo katika vunjika na pasuka, bali waingia katika kundi jingine, la kale na lenye thamani, ambalo maana yake ni kukiweka kitu mahali pake: anika, bandika, funika, chomeka. Vitenzi hivi vina hikima ya pekee, kwamba kila kimoja kina ndugu yake wa kukitengua. Ulichokianika utakianua, ulichokibandika utakibandua, ulichokifunika utakifunua, na ulichokichomeka utakichomoa. Jambia lilichomekwa alani na kuchomolewa kwa maneno haya haya kabla gari la kwanza halijateremshwa pwani. Basi kama funika ilivyozaa kifuniko, bila ya jopo wala azimio, chomeka yazaa kichomeko: dume chenye ndimi, jike chenye matundu, na ndani ya jina lake umo mwendo wa kuingia na mwendo wa kutoka.

Niliwahi kulipeleka neno hili mbele ya jamaa fulani wenye mamlaka ya kuamua mambo kama haya, nikajibiwa kwa maneno machache kwamba watu watalichanganya na kuchomelea vyuma. Jawabu hilo limenikaa moyoni, maana aliyelitoa hakulifikiri. Fundi wa kuchomelea na fundi wa umeme wa magari hukaa gereji moja, chini ya mwembe mmoja, na sijamsikia hata mmoja wao akichanganya kuchomeka na kuchomelea, ambavyo wavitamka kutwa nzima. Wako pia wanaosema plagi yatosha, ilhali plagi gerejini ni ile itoayo cheche ndani ya injini. Soketi naiheshimu, kwa kuwa ndiyo iliyo vinywani mwa mafundi. Ila yataja upande upokeao tu, na upande uingiao waachwa bila ya jina.

Na kama ni ule moto uliomo ndani ya choma unaowatisha, mimi nauhesabu kuwa ithibati ya neno langu. Balbu ya H4 ya wati 60 kwa volti 12 huvuta ampea 5. Mwenye gari la abiria aina ya Noah akitia ya wati 100 apate mwanga wa kuonea punda na waendesha pikipiki usiku, mkondo wapanda kupita ampea 8, na kwa kanuni aliyoitangaza Joule mwaka 1841, joto la mgusano ule ule lakaribia kuwa mara tatu. Vumbi la Meru na mvua za masika zikiongeza kutu juu ya shaba, ukinzani wazidi, na plastiki yalainika pasipo fyuzi kukatika, kwani mkondo haukupita kipimo chake, ingawa wengi watasema ni shoti. Kichomeko kisichochomekwa barabara huchoma, na lugha ilikwisha kulisema hilo.

Kuhusu matengenezo, kata waya hadi ufikie shaba inayong'aa, tia kichomeko cha kauri chenye nyaya za milimita 2.5 za mraba, zibane au zilehemu, weka rilei, na urudi kwenye wati zilizoandikwa na mtengenezaji.

Ninakaa Makumira, jirani na chuo ambacho tangu 1954 wachungaji wa Kilutheri hufunzwa kupima neno kabla ya kulipandisha mimbarani, wala sioni kwa nini neno la gereji lipimwe kwa mizani iliyo nyepesi zaidi. Nawaomba walimu wa ufundi na waandishi wa vitabu vyao waandike kichomeko tangu toleo lijalo, na mafundi waliandike katika risiti zao bila ya kungoja idhini ya mtu.