Sealdah: stesheni ya treni iliyogeuka kambi ya wakimbizi

Wengi wenu mnajua maana ya kulala mahali ambapo hapakujengwa kwa ajili ya kulala. Darasa la shule, kanisa, uwanja wa mpira, ukingo wa barabara. Leo tunawapeleka mbali, India, katika mji wa Kolkata ambao zamani uliitwa Calcutta. Kuna stesheni pale inaitwa Sealdah. Familia zilizokimbia mauaji zililala kwenye sakafu yake, na si usiku mmoja wala juma moja. Kuna waliokaa miezi, na walipoondoka hao walikuja wengine, hivyo miaka ikapita. Wakati huo wote treni ziliendelea kuingia na kutoka kando yao, na wafanyakazi wa ofisini waliwaruka kila asubuhi wakienda kazini.

Tuanze na reli yenyewe, kwa sababu usipojua ilikuwa inakwenda wapi, hutaelewa kwa nini watu walishukia pale.

Waingereza ndio waliokuwa wakitawala India. Kampuni ya Eastern Bengal Railway iliundwa mwaka 1857, na mwaka 1862 ikafungua njia yake: kwanza kutoka Calcutta hadi Ranaghat, halafu kabla mwaka kwisha ikafika Kushtia. Mwaka 1871 reli ilifika Goalundo, mahali ambapo mito miwili mikubwa inakutana, na hapo abiria walipanda meli kwenda Dhaka na sehemu nyingine za Bengal ya mashariki. Jengo la stesheni ya Sealdah lilimalizika mwaka 1869. Mji huo una stesheni nyingine kubwa, Howrah, iliyo ng'ambo ya mto Hooghly. Howrah ilielekea magharibi, upande wa India yote iliyobaki. Sealdah ilielekea mashariki. Kumbukeni jambo hilo, ndilo linalobeba habari yote.

Kwa miaka themanini na zaidi Sealdah ilikuwa mlango wa mashariki. Kulishuka samaki wa mito ile, mchele, na juti, ule uzi wa kutengenezea magunia. Walishuka wanafunzi, makarani na mawakili ambao familia zao zilibaki kijijini, na wakati wa sikukuu walirudi nyumbani kwa treni hiyo hiyo. Mwaka 1873 tramu ya kwanza ya mji, iliyovutwa na farasi, ilianzia Sealdah kwenda ukingoni mwa mto, lakini haikumaliza hata mwaka. Mwaka 1878 ilianza treni maarufu ya Darjeeling Mail. Wakati ule abiria alishuka kwenye mto Padma, akavuka kwa feri, akapanda treni nyingine ya reli nyembamba zaidi hadi chini ya milima. Daraja la Hardinge lililofunguliwa mwaka 1915 ndilo lililoondoa taabu ya feri. Na mwaka 1897, Swami Vivekananda aliporudi kutoka Marekani na Ulaya, alishukia Sealdah. Vijana waliwafungua farasi wa gari lake wakalivuta wenyewe kwa mikono.

Halafu ukaja mwaka 1947. Waingereza waliondoka na kuigawa nchi kuwa mbili, India na Pakistani. Bengal nayo ilikatwa katikati. Aliyepewa kazi ya kuchora mpaka ni wakili Mwingereza, Cyril Radcliffe, ambaye hakuwa amewahi kukanyaga India kabla ya hapo, na alipewa muda wa karibu majuma matano tu. Mstari wake ulitangazwa tarehe 17 Agosti, siku mbili baada ya uhuru. Watu walikuwa wamekwisha kupandisha bendera kabla hawajajua wako nchi gani.

Sealdah ilibaki India. Kushtia, Goalundo, Khulna na daraja la Hardinge vyote vilianguka Pakistani ya Mashariki, ambayo leo ni Bangladesh. Lakini treni hazikusimama. Barisal Express iliendelea kutoka Khulna, East Bengal Mail na East Bengal Express nazo zikaendelea kuvuka. Kwa hiyo Mhindu wa Bengal ya mashariki aliyeogopa kukaa alipanda treni ile ile aliyoizoea, na ilimshusha pale pale ilipomshusha siku zote. Tofauti ni kwamba sasa hakuwa na nyumba ya kurudia.

Lazima tuseme pia kwamba hofu hiyo haikuwa ya upande mmoja. Waislamu wengi wa Calcutta na Bengal ya magharibi nao walikimbia kwenda mashariki, na nyumba walizoziacha zilikaliwa na wengine. Katika habari hii hakuna dini iliyolia peke yake.

Upande wa Punjab, magharibi mwa India, mamilioni walivuka kwa muda wa miezi michache, katika damu nyingi, na serikali ikawahesabu wote kuwa watu wasiorudi tena. Ikawatafutia mashamba na nyumba. Bengal haikuwa hivyo. Watu walitoka kwa mawimbi: baada ya mauaji ya Noakhali ya mwaka 1946, tena 1948, tena kwa nguvu sana mapema mwaka 1950 kulipotokea ghasia Khulna na Barisal. Aprili 1950 waziri mkuu wa India, Nehru, na mwenzake wa Pakistani, Liaquat Ali Khan, walitia sahihi mapatano ya kuwalinda walio wachache kila upande, na serikali ikawa na tumaini kwamba wakimbizi wa mashariki watarudi kwao. Sisi tunaoishi na wakimbizi tunajua tumaini kama hilo linaleta nini: mtu anayedhaniwa atarudi kesho hajengewi kitu leo. Hesabu ya watu ya mwaka 1951 ilikuta zaidi ya wakimbizi milioni mbili katika jimbo la Bengal ya Magharibi.

Sasa turudi kwenye stesheni. Treni ilipofika, wakimbizi walipangwa mstari kwa chanjo ya kipindupindu na ndui, halafu wakaenda kuandikishwa. Maofisa waliwauliza walitoka wapi, wako wangapi, wana ndugu wa kuwapokea mjini au hawana. Aliyekubaliwa alipata karatasi, kama jetoni mnayoijua ninyi, na bila karatasi hiyo hakuna kambi iliyompokea. Walipokuwa wakisubiri lori au treni ya kuwapeleka kambini, walikaa hapo hapo. Kila familia ilizungushia eneo lake masanduku, vyungu na mikeka. Mabomba ya maji na vyoo vilikuwa vimewekwa kwa ajili ya abiria wanaopita. Havikuwatosha maelfu ya watu wanaoishi. Vyama vya hisani viligawa mchele uliopondwa na sukari guru. Kipindupindu na kuhara viliua watoto. Akina mama walijifungua palepale, na madalali wa wasichana walizunguka wakitafuta waliopotezana na wazazi wao.

Filamu moja, Chinnamul, ya mwaka 1950, iliyoongozwa na Nemai Ghosh, ilipigwa picha ndani ya stesheni hiyo. Wengi wanaoonekana humo si waigizaji. Ni wakimbizi wenyewe.

Waliopata nafasi walipelekwa katika kambi, nyingi zikiwa mabaki ya jeshi la Vita Kuu ya Pili. Dhubulia ilikuwa uwanja wa ndege. Cooper's Camp iko karibu na Ranaghat, mji ulio kwenye reli ile ile ya mwaka 1862, kwa hiyo familia nyingi zilirudishwa kwa treni kwenye njia waliyokuwa wameipita zikija. Huko serikali iliwagawa watu kwa mafungu. Mwanaume mwenye nguvu alikuwa fungu moja. Wajane wasio na mtoto mkubwa wa kiume, wazee na vilema waliandikwa katika fungu lenye jina la kiserikali linalomaanisha "mzigo wa kudumu". Nimelifikiria jina hilo mara nyingi. Kuna watu waliozeeka wakiitwa hivyo.

Wengine hawakungoja lori. Kuanzia mwaka 1948 walivamia ardhi tupu kusini na kaskazini mwa mji, wakajenga vibanda vya mianzi usiku. Wenye ardhi walileta wahuni, polisi walibomoa, na wakimbizi wakajenga tena. Mtaa wa Bijoygarh, karibu na stesheni ya Jadavpur, ulianza hivyo katika kambi ya jeshi iliyoachwa. Mitaa hiyo ilichipuka kando ya njia za reli zinazoishia Sealdah, na hilo halikuwa bahati: bila treni ya bei ndogo mtu angefikaje mjini kutafuta kazi? Wanaume waliuza kalamu, dawa na biskuti ndani ya mabehewa. Wanawake ambao kwao hawakutoka nje ya ua wakawa walimu, makarani na wauguzi, wakipanda treni ya asubuhi.

Lakini si kila mkimbizi alipata bahati hiyo. Waliokuja mapema mara nyingi walikuwa watu wa matabaka ya juu, wenye elimu na jamaa mjini. Waliokuja baadaye wengi walikuwa wakulima wa tabaka la chini, hasa Wanamasudra. Na hapo tarehe ikawa na nguvu kuliko machozi. Oktoba 1952 paspoti ililetwa mpakani, na watu wakakimbilia treni kabla mlango haujafungwa. Mwaka 1956 ikaja karatasi ya ruhusa ya kuhama. Aliyeingia baada ya tarehe 31 Machi 1958 hakuhesabiwa tena kuwa mkimbizi wa kusaidiwa. Kulipotokea ghasia mpya mwaka 1964 serikali ilikubali kusaidia waliokuja, kwa sharti waende kuishi nje ya Bengal ya Magharibi.

Wengi walipelekwa Dandakaranya, nchi ya misitu na mawe katikati ya India, chini ya mpango ulioanzishwa mwaka 1958. Walipitia kambi ya Mana, karibu na mji wa Raipur. Watu waliolima mpunga ndani ya maji walipewa ardhi kavu, katikati ya wenyeji ambao hawakuulizwa kama wanawataka. Mwaka 1978 maelfu waliacha huko, wakarudi Bengal, wakakusanyika Hasnabad, mwisho wa tawi moja la reli la upande wa Sealdah. Kutoka hapo walivuka kwa mashua wakajenga kijiji katika kisiwa cha Marichjhapi. Mwaka 1979 serikali ya jimbo ilikizunguka kisiwa, polisi wakapiga risasi, na mwezi wa Mei wakawafukuza wote. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hata sasa.

Treni za kuvuka mpaka zilikatwa na vita vya India na Pakistani vya mwaka 1965. Mwaka 1971, Bangladesh ilipopigania uhuru wake, wakimbizi karibu milioni kumi waliingia India, wengi kwa miguu. Baada ya vita hivyo walio wengi walirudi kwao. Treni ya abiria kati ya Kolkata na Dhaka ilianza tena tarehe 14 Aprili 2008, miaka arobaini na zaidi tangu ilipokatwa, lakini haikutoka Sealdah. Ilipewa stesheni nyingine ya mji huo. Na mwaka 2024, wakati wa machafuko ya Bangladesh, ilisimamishwa tena.

Ukifika Sealdah leo hutaona alama nyingi za hayo. Ina majukwaa 21 katika sehemu tatu: Kaskazini, Kuu na Kusini. Zaidi ya watu milioni moja hupita kwa siku, wengi wakitoka vijijini na mitaa ya pembeni, na ni kati ya stesheni zenye watu wengi zaidi India. Treni za karibu zilianza kutumia umeme miaka ya 1960. Zina behewa la wachuuzi, ambalo alfajiri hujaa mboga, samaki na maziwa yaliyogandishwa, na mzigo mwingi unaishia soko la Koley lililo karibu. Kuna treni za wanawake saa za msongamano. Tangu Julai 2022 kuna metro chini ya stesheni, na tangu Agosti 2025 metro hiyo inafika Howrah kwa handaki lililopita chini ya mto.

Cooper's Camp imekuwa mji mdogo wenye baraza lake, na jina limebaki lile lile la kambi. Treni ya Gede bado inatoka Sealdah kila siku. Inapita Ranaghat, inakwenda hadi Gede karibu kabisa na mpaka. Reli inaendelea mbele kuelekea Darsana, upande wa Bangladesh. Treni inasimama pale, abiria wote wanashuka, kisha inageuka kurudi Sealdah.