Jina la Mbwa

Siku moja, msomaji, huenda ukaletewa mtoto wa mbwa ndani ya kikapu: dume wa miezi miwili, masikio yamelala, mkia hautulii. Kabla hata hajapewa maziwa, watoto wa nyumbani watauliza swali moja: ataitwa nani? Mmoja atasema Simba, mwingine atasema Tomi, na yule apendaye mzaha atataja jina la jirani. Watu watacheka, jina litapatikana, na jambo litasahauliwa. Walakini swali hilo ni la kale sana. Wafalme wamelijibu, majemadari wamelijibu, na watu wa elimu wameliandikia kanuni. Basi na tufuate nyayo za mbwa katika njia ya historia, tuone waliitwaje na kwa sababu gani. Kisha turudi nyumbani kumchagulia dume wetu jina lililo jema.

Safari yetu yaanzia Misri. Mwaka 1935 mtaalamu wa mambo ya kale aitwaye George Reisner alikuwa akichimbua makaburi ya Giza, karibu na mapiramidi makubwa. Ndani ya kaburi moja alikuta jiwe lenye maandishi, ambalo lilikuwa limetolewa katika kaburi lingine la kale na kutumiwa tena kwa ujenzi. Maandishi yalieleza habari za mbwa aliyekuwa mlinzi wa mfalme zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Mbwa huyo alipokufa, mfalme aliamuru azikwe kwa heshima: apewe jeneza kutoka katika hazina ya mfalme, kitani kizuri kwa wingi, ubani, na manukato, tena waashi wamjengee kaburi lake mwenyewe. Jina lake limeandikwa wazi: Abuwtiyuw. Sasa tazama ajabu, msomaji. Jina la mfalme aliyetoa amri hiyo halikutajwa katika jiwe. Mwenye kiti cha enzi amebaki kuwa mfalme fulani tu. Mlinzi wa mlango wake angali anatajwa kwa jina mpaka leo. Wahenga wetu walisema kwamba jina jema hung'ara gizani, na jina hili liling'ara katika giza la kaburi.

Huko huko Misri, katika mji wa Thebes, alitawala Mfalme Intef wa Pili, naye aliwapenda mbwa wake hata akachorwa pamoja nao katika jiwe la kaburi lake. Majina yao yamechongwa kando ya picha. Baadhi ya majina hayo si ya Kimisri. Ni ya lugha ya watu wa Libya, majirani wa upande wa magharibi, na mchongaji aliona lazima aandike maana zake ili wasomaji wa Misri waelewe. Jina la mmoja maana yake ilikuwa swala, na la mwingine ilikuwa mweusi. Kwa hiyo mtu akikucheka kwa kumwita mbwa wako kwa jina la kigeni, waweza kumjibu kwamba desturi hiyo imekuwapo Afrika tangu enzi za mafarao. Lakini ukumbuke kwamba hata mfalme alipoazima jina la ng'ambo, maana yake ilijulikana nyumbani.

Tuvuke bahari sasa, twende Uyunani. Katika karne ya 4 kabla ya kuzaliwa kwa Kristo aliishi Xenophon, askari na mwandishi, aliyetunga kitabu juu ya uwindaji. Alifundisha kwamba majina ya mbwa yawe mafupi ili iwe rahisi kuwaita, akaandika orodha ya majina 47 ya kuchagua. Ukiyafasiri baadhi yake kwa Kiswahili utapata Mkuki, Mlinzi, Moyo, Nguvu, Furaha na Mwale. Aliyachagua kwa sauti na kwa maana pia. Msasi aliyesimama mwituni, mnyama akikimbia mbele yake, hakuwa na nafasi ya kutamka jina refu kama sala ya jioni. Alihitaji neno moja lirukalo kinywani kama jiwe litokalo katika teo.

Baada yake, katika karne ya 1 ya zama zetu, alikuja Mroma aitwaye Columella, mwandishi wa mambo ya kilimo. Yeye alikuwa na habari za mbwa wa shamba, walinzi wa nyumba na mifugo. Alisema jina lisiwe refu, ili mbwa alisikie upesi aitwapo. Wala lisipungue silabi mbili. Kwa madume alitoa mfano wa Ferox, yaani mkali, na Celer, yaani mwepesi. Hesabu silabi za jina Simba, msomaji: ni mbili kamili. Mtoto wa Machakos au wa Kisumu amwitaye mbwa wake Simba anaifuata sheria ya Columella bila ya kupata kumsikia Columella. Na karne nyingi baadaye, katika karne ya 15, Mwingereza mmoja aliorodhesha majina zaidi ya 1,000 ya mbwa wa kuwindia. Miongoni mwake limo jina ambalo maana yake ni "asiye na jina". Naona kwamba katika majina yote hayo hili ndilo la kuhuzunisha zaidi.

Lakini kanuni za ulimi na sikio hazitoshi. Mshairi Homer, katika utenzi wake wa Odyssey, ametuachia habari ya mbwa dume aitwaye Argos, jina ambalo maana yake ni mwepesi. Bwana wake, Odysseus, alimlea angali mdogo, kisha akaenda vitani, akakawia kurudi miaka 20. Aliporudi alikuwa amejigeuza mwombaji, kwa sababu nyumba yake ilijaa adui. Nje ya lango alimwona mbwa mzee amelala juu ya jaa la samadi, amejaa kupe. Watumishi walikuwa wamemwacha, maana mwenyewe hakuwapo wa kuwauliza. Mbwa alimtambua. Alitikisa mkia, akalaza masikio, lakini hakuwa na nguvu za kumsogelea. Naye Odysseus hakuthubutu kumwita kwa jina, asije akajulikana; aligeuza uso akafuta chozi kwa siri, akapita. Argos akafa papo hapo.

Tua hapo kidogo, msomaji. Mbwa huyu alikuwa na jina zuri, fupi, lenye silabi mbili, lenye maana ya sifa. Kanuni zote zilitimizwa. Kilichokosekana ni mtu wa kulitaja. Jina bila mwenye kulijibia ni kama kamba iliyofungwa upande mmoja tu. Hili ndilo fundisho ninalotaka uondoke nalo: kumpa mbwa jina ni kukubali kuulizwa habari zake.

Watu wa pwani yetu nao wanalo jina la mbwa la kale. Katika Kurani, sura ya 18, yamo masimulizi ya vijana waliokimbilia pangoni kwa ajili ya imani yao, wakalala miaka mingi, na mbwa wao akanyosha mikono yake kizingitini. Kurani haikumtaja mbwa huyo kwa jina, lakini katika mapokeo ya wafasiri yeye hujulikana sana kwa jina la Kitmiri. Neno hilo kwa Kiarabu lina maana ya ngozi nyembamba iliyofunika kokwa ya tende, kitu kidogo ambacho hakuna akithaminiye. Sheria za tohara za Waislamu wa pwani hazikumruhusu mbwa kuzoeana na vyombo na mavazi ya watu. Hata hivyo mlinzi wa pango alipewa jina, na jina lake limehifadhiwa kwa heshima. Mtu aweza kumweka mbwa nje ya nyumba yake na bado asimnyime haki yake.

Kuna upande mwingine wa habari hii, nao ni mchungu. Wataalamu wa lugha waliochunguza desturi za Wabatombu wa Benin na za Washona wa Zimbabwe wameandika kwamba huko mtu mwenye kinyongo aweza kumpa mbwa wake jina lenye mafumbo. Hasemi neno kwa jirani. Humwita mbwa tu, kwa sauti kubwa, jirani akisikia. Sisi tuwajuao wanawake wa pwani wanaosema kwa maandishi ya kanga hatushindwi kuelewa hekima yake, kwa kuwa fumbo huweza kuzuia ngumi. Hata hivyo kanga haisikii maumivu. Mbwa aliyepewa jina la ugomvi hubeba vita asivyovijua, na huenda fimbo iliyokusudiwa bwana wake ikamwangukia yeye. Kwa hiyo ukitaka kumsema jirani, mwendee mwenyewe, usimtume mbwa.

Basi turudi kwenye kikapu. Mchagulie dume wako jina la silabi mbili au tatu. Lisifanane na amri utakazomfundisha: ukimwita Shaka, kila usemapo "shika" atababaika. Lisiwe jina la mzee wa kijiji wala la mtoto wa jirani. Liwe na maana ambayo hutaona haya kuifasiri mbele ya mgeni. Simba ni jina jema. Moyo, Mwale na Radi pia ni mema. Kisha ulitamke kwa upole wakati wa kumlisha, usilihifadhi kwa ajili ya kumkaripia tu. Maana mbwa hajui maana ya neno, ajua yale yanayolifuata.

Tena jina hilo lina kazi kubwa katika nchi yetu leo. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa ambao dalili zake zikishaonekana kwa mtu, takriban hapana tumaini la kupona. Na miongoni mwa wanaoumwa na mbwa wamo watoto wengi. Mwaka 2014 Kenya ilianza mpango wa kuukomesha ugonjwa huu kwa wanadamu ifikapo mwaka 2030, na silaha yake kubwa ni chanjo. Wataalamu husema kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa kila mara, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Nani atampeleka kwenye chanjo mbwa asiyeitwa na mtu? Mbwa koko hana wa kumshika kamba. Bali aliye na jina yupo mtoto wa kumwita, na yupo mzee wa kuulizwa: Simba wako amechanjwa? Swali hilo fupi laweza kuokoa maisha ya mtoto katika njia ya shule.

Mfalme wa Misri alimwandikia mbwa wake jina juu ya jiwe baada ya kufa. Wewe, msomaji, mwandikie wako juu ya cheti cha chanjo angali hai, na chini yake uandike jina lako mwenyewe. Majina hayo mawili yakae pamoja, ili siku atakapokuwa mzee amelala mlangoni, nawe ukirudi kutoka mbali, uweze kumwita naye asikie.