Ushirika na Ubia: Uanachama katika Historia ya Buhaya na katika Vyama vya Mafuta

Neno ushirika lina ukoo mkubwa katika Kiswahili. Shina lake la Kiarabu limezaa shirika, mshiriki, ushirika na shirikisho. Nalo limezaa pia ushirikina, ambalo asili yake ni kosa la kumfanyia Mungu washirika. Kwa hiyo ndugu wawili wa tumbo moja wamekwenda njia mbali, mmoja akisifiwa na mwingine akilaumiwa. Wakristo walilichukua neno ushirika kwa ajili ya Meza ya Bwana. Na baada ya Serikali ya Tanganyika kutunga sheria ya vyama vya namna hiyo mwaka 1932, likawa pia neno la mizani, magunia na daftari za wakulima. Kando yake yako maneno mengine ambayo aghalabu huchanganywa nalo: ubia, yaani watu kutia mali pamoja ili wagawane faida na hasara, ujima, yaani kusaidiana kazi, kikoa, yaani kulishana kwa zamu, na upatu, ambao kila mmoja huchanga na mmoja hupokea kwa zamu yake.

Tofauti hizi zaweza kudhaniwa kuwa mambo ya watunga kamusi tu. Lakini katika Mkoa wa Kagera zimepata uzito mpya tangu ilipokatwa shauri kwamba bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima, Uganda, kwenda Chongoleani karibu na Tanga, lipite katika wilaya za Missenyi, Bukoba, Muleba na Biharamulo. Makampuni ya mafuta duniani yana vyama vyao vya kukabili mafuta yanapomwagika, na vyama hivyo huitwa vya ushirika. Mkulima wa Ngenge, wilayani Muleba, analijua neno hilo tangu zama za babu yake. Je, ni neno lile lile?

Katika Buhaya kahawa ilikuwa kifungo cha watu kabla haijawa bidhaa. Buni zilichumwa, zikachemshwa na kukaushwa, kisha zikatafunwa. Mgeni alipofika alipewa kahawa kabla ya kuulizwa habari. Tena ilitumika katika omukago, yaani udugu wa kuchanjiana. Tunda moja la kahawa huwa na buni mbili zilizolaliana. Basi watu wawili walichanjwa, kila mmoja akatia damu yake katika buni moja, akameza ile yenye damu ya mwenzake. Tangu hapo haja ya mmoja ilikuwa haja ya mwingine, na atakayekana udugu huo aliogopwa kama mtu aliyelaaniwa. Huu ulikuwa uanachama wa watu wawili, usio na karatasi wala ada, na sharti lake lilikuwa moja tu: kuitika mwenzako aitapo.

Si kwamba kahawa yenyewe ilikuwa ya kila mtu. Kupanda mibuni kulikuwa chini ya mamlaka ya Bakama na wakuu wao, na mtu wa kawaida hakujipandia apendavyo. Hali hiyo ilibadilika baada ya Wajerumani kujenga boma la Bukoba mwaka 1890, na zaidi chini ya Waingereza, ambapo mibuni ilienea katika vibanja kati ya migomba na fedha zikaingia nchini. Pamoja na fedha wakaja wachuuzi, na pamoja na wachuuzi mizani ambayo mkulima hakuiamini. Mwaka 1924 Klemens Kiiza na wenzake waliunda Chama cha Wahaya, kisha katika miaka ya 1930 wakulima wakajaribu kuuza kahawa yao wenyewe bila kupitia mikono mingi. Mwaka 1937 serikali ilipotilia mkazo kanuni za utunzaji wa mibuni, ghasia zilitokea Bukoba. Wakulima hawakuukataa mbuni. Waliikataa amri juu ya mali yao iliyotolewa bila wao kuwamo.

Katika Vita Kuu ya Pili kahawa yote iliuzwa kwa njia ya bodi ya serikali. Hatimaye, mwaka 1950, ikaandikishwa Bukoba Native Cooperative Union, chama kikuu kilichoviunganisha vyama vya msingi vya vijijini. Wachaga wa Kilimanjaro walikuwa wametangulia, kwa kuwa chama chao kikuu kiliandikishwa mwaka 1933. Miongoni mwa mameneja wakuu wa chama cha Bukoba katika miaka ya 1950 alikuwa George Kahama, ambaye baadaye alikuwa waziri. Hapana shaka chama kilikuwa na makosa yake, na malalamiko juu ya makarani na malipo yaliyochelewa yalisikika mapema. Hata hivyo kanuni ilikuwa wazi. Mwanachama ni yule mwenye kahawa, hununua hisa, na katika mkutano mwenye magunia mia ana kura moja, sawasawa na mwenye gunia moja. Hapo ndipo ushirika ulipoachana na ubia, maana katika ubia sauti hufuata mali.

Jinsi uanachama unavyoweza kupoteza maana ilionekana mwaka 1976. Vyama vikuu vilivunjwa nchini kote, mamlaka za mazao zikachukua kazi zake, na kijiji, kwa sheria ya mwaka 1975, kikahesabiwa kuwa chama cha ushirika. Basi kila mkaaji aliyefikia umri akawa mwanachama pasipo kuomba wala kulipa, na asiyeomba hakujiona kuwa na kitu cha kulinda. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha vyama vikuu, na ile ya mwaka 1991 ikasisitiza kuwa kujiunga ni hiari. Chama cha Kagera kikasimama tena. Na hata kabla sheria hiyo ya pili haijatungwa, kahawa yake ilikuwa imekwisha kupata wanunuzi wa biashara ya haki huko Ulaya.

Lakini kwa kuelewa vyama vya mafuta, mfano ulio karibu zaidi si chama cha kahawa; ni chama cha kuzikana. Katika vijiji vya Buhaya vyama hivi ni vingi, na baadhi huitwa kwa neno la Kihaya bujuni, litokanalo na okujuna, kusaidia. Watu huchanga kabla ya msiba. Hununua sufuria na sahani, huziweka mahali pamoja chini ya mtunzaji, na huandika majina. Siku kifo kibishapo hodi, vyombo hutolewa na watu hufika na kuni, maji na ndizi. Asiyekuwa mwanachama hatelekezwi kabisa, ila huulizwa alikuwa wapi wenziwe walipokuwa wakichanga.

Makampuni ya mafuta yalijifunza jambo hilo hilo kwa gharama kubwa. Tarehe 18 Machi 1967 meli Torrey Canyon ilipanda mwamba karibu na pwani ya Cornwall, Uingereza, ikamwaga mafuta yapatayo tani 119,000. Hapakuwa na mwenye vyombo vya kuyakusanya, wala mwenye kujua kwa hakika nani alipe. Serikali ilifikia hatua ya kuipiga meli hiyo mabomu ili mafuta yateketee. Mwaka 1969 kisima kilipasuka baharini mbele ya Santa Barbara, California, na mwaka uliofuata makampuni ya eneo hilo yakaunda chama chao, Clean Seas, cha kuweka meli na vyombo tayari. Mwaka 1985 Oil Spill Response Limited ikaanzishwa huko Southampton. Hesabu yao ilikuwa ya chama cha kuzikana hasa: vizuizi vya kuelea, mitambo ya kuengua mafuta juu ya maji, dawa za kuyatawanya, ndege na watu waliofundishwa ni ghali mno kwa kampuni moja kuvitunza, na huenda visitumike kwa miaka mingi.

Uanachama wao una madaraja. Wako wenye hisa, ambao ndio wenye chama. Na wako walioungwa tu, ambao hulipa ada ndogo na kupata haki ndogo. Mwanachama aweza kuita saa yoyote, usiku au mchana. Lakini hapewi vyombo vyote: mwenye hisa huhakikishiwa hadi nusu ya vilivyopo, kwa kuwa ajali ya pili yaweza kumpata mwenzake siku iyo hiyo. Kanuni hiyo angeielewa mara moja mtunza sufuria yeyote wa Buhaya. Tena wamezigawa ajali katika ngazi tatu: ndogo, ambayo mwenye mafuta huimaliza mwenyewe; ya kati, ambayo huhitaji majirani; na kubwa, ambayo huitiwa vyombo kutoka nchi za mbali.

Upungufu wa mpango huu ulidhihirika Alaska. Tarehe 24 Machi 1989 meli Exxon Valdez ilipasuka katika ghuba ya Prince William, ikamwaga mafuta yapatayo tani 37,000. Muungano wa makampuni uliosimamia bandari ya Valdez ulikuwa umeahidi kufikisha vyombo kwa muda wa saa tano. Zikapita zaidi ya kumi, kwa sababu tishari la kuvibeba lilikuwa halijatengenezwa. Daftari la wanachama lilikuwa kamili, ila waliopoteza riziki, yaani wavuvi na wenyeji wa vijiji vya pwani, hawakuwamo katika daftari hilo. Matokeo yake ni ya kukumbukwa kuliko ajali yenyewe. Mwaka huo huo liliundwa baraza la raia la ghuba hiyo, likiwa na wajumbe wa wavuvi, wa miji na wa vijiji vya wenyeji, na gharama zake zikalipwa na ule muungano wa makampuni. Na sheria ya Marekani ya mwaka 1990 ikalitambua baraza la namna hiyo. Mashua za wavuvi zikaandikishwa na kulipwa kwa mazoezi ya kukusanya mafuta. Hawakupewa hisa, lakini walipewa kiti, na kiti hicho kilikuwa na posho.

Katika Afrika Mashariki mambo yalianzia pwani. Mwaka 1985 mataifa ya eneo hili yalitia sahihi Mkataba wa Nairobi wa kulinda bahari, pamoja na itifaki ya kusaidiana wakati wa dharura. Huko Mombasa makampuni ya mafuta, pamoja na mamlaka ya bandari, yaliunda kundi la kusaidiana, na vyombo vyake vikawekwa bandarini. Mwaka 2005 meli Ratna Shalini ilipomwaga mafuta Kipevu, mikoko ya Port Reitz ilichafuka. Yote hayo yalikuwa mambo ya maji ya chumvi. Mwaka 2015 bomba la kutoka Mombasa kwenda Nairobi lilivuja huko Thange, Makueni, mbali kabisa na bahari. Mafuta yaliingia katika ardhi, mto na visima vya wakulima. Huko kizuizi cha kuelea hakina kazi kubwa, na aonaye mafuta kwanza si rubani wa ndege bali mama aliyekwenda kuteka maji.

Hili ndilo linaloigusa Kagera. Bomba la Hoima lina urefu wa kilomita 1,443, na katika hizo 1,147 zimo Tanzania. Mafuta yake ni mazito yenye nta, hata hayapiti bila bomba kupashwa moto. Wenye hisa ni wanne: TotalEnergies asilimia 62, mashirika ya mafuta ya Uganda na Tanzania asilimia 15 kila moja, na CNOOC ya China asilimia 8. Shirika la Tanzania likiwamo, yaweza kusemwa kwamba mkulima wa Muleba naye yumo kwa kupitia serikali yake. Lakini huo ni uanachama wa namna ya mwaka 1976: yumo pasipo kuomba, na hana mkutano wa kwenda kuinua mkono. Bomba huvuka mto Kagera, na Kagera humwagika katika ziwa Nyanza.

Ziwa hilo nalo limekwisha kutoa ushahidi wake. Tarehe 21 Mei 1996 meli MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza, mamia ya watu wakafa, na wapiga mbizi wakaletwa kutoka Afrika Kusini. Hiyo ilikuwa ngazi ya tatu, kama makampuni wasemavyo, nayo ilifika watu walipokuwa wamekwisha kufa. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilianguka majini ikikaribia kutua Bukoba, ikiwa na watu 43. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Watu 24 walipona na 19 wakafa. Wavuvi wale hawakuwa wanachama wa chama chochote cha uokoaji.

Kwa hiyo, kwa wenye kutafsiri hati za mambo haya, uchaguzi wa neno si jambo dogo. Chama ambacho ndani yake sauti hufuata hisa, na ambacho mwenye kudhurika hana nafasi, Kiswahili kina jina lake la kale, nalo ni ubia. Wenye chama hicho ni wabia. Si jina la aibu, kwa maana ubia wa kuweka vyombo tayari ni bora kuliko kukosa vyombo. Jina la ushirika lingeanza kukifaa pale ambapo mtu wa kijiji cha njiani mwa bomba angeandikwa katika daftari, akafundishwa la kufanya aonapo mafuta kisimani, akalipwa kwa siku za mazoezi, na kuwa na mahali pa kusema. Kihaya kina neno jingine, bujuni, ambalo bado halijajaribiwa katika hati hizo.