Nani Mwenyeji, Nani Mgeni?

Sisi watu wa Kalemie tumezoea kupokea wageni. Mji wetu ni bandari, na watu wa kila kabila hushuka hapa na mizigo yao. Wazee walitufundisha: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini ikifika siku ya kugawana mashamba, kazi au vyeo, neno hilo jema husahauliwa, na watu huanza kuulizana, “Wewe ni wa wapi?” Leo twataka kueleza jinsi swali hilo lilivyojibiwa pande mbili za ziwa letu katika miaka ileile, na matunda yaliyopatikana.

Tuanze ng’ambo. Mwaka 1960 chama cha TANU kilipata viti 70 kati ya 71 katika baraza la kutunga sheria la Tanganyika, na kiongozi wake, Julius Nyerere, akashika serikali. Alikuwa mwalimu, Mkristu Mkatoliki, aliyefundisha katika shule za misioni za Tabora na Pugu. Mwenye nguvu kama hizo angeweza kufanya alivyotaka. Yeye alitaka nini kwanza?

Mwezi wa Oktoba 1961, zikiwa zimebaki wiki chache tu kabla ya Uhuru wa tarehe 9 Desemba, serikali yake ilileta barazani sheria ya uraia. Kila aliyezaliwa Tanganyika, ikiwa na mzazi wake mmoja alizaliwa huko, angekuwa raia, awe Mwafrika, Mhindi, Mwarabu au Mzungu. Wengine wangeweza kuomba. Wajumbe kadhaa, hata wa chama chake mwenyewe, walikasirika. Walisema Waafrika wameonewa miaka mingi, basi uraia uwe wao kwanza. Uchungu wao haukuwa wa bure, maana chini ya wakoloni mshahara, shule na hospitali vilipimwa kwa rangi ya ngozi.

Nyerere aliwajibu kwa ukali. Aliwaonyesha kwamba anayeupima uraia kwa rangi anafuata njia ya wale waliotesa watu Ulaya na Afrika ya Kusini, na kwamba akiisha kuwabagua watu wa rangi nyingine, kesho atatafuta kabila la kubagua. Kisha akawaachia wajumbe wapige kura kila mtu kwa dhamiri yake, lakini akatangaza kwamba sheria ikishindwa, serikali nzima itajiuzulu. Sheria ikapita. Tufikiri kidogo: watu wasiokuwa Waafrika hawakufika hata 2 katika kila 100. Kura zao hazikuweza kumwinua wala kumwangusha. Aliweka kiti chake hatarini kwa ajili ya watu wasioweza kumlipa.

Hatusemi kwamba Nyerere alikuwa malaika. Mwaka 1962 nchi yake ilipata sheria ya kuwafunga watu bila kuwapeleka mahakamani, na katika kazi za serikali Waafrika walitangulizwa kwa muda, mpaka yeye mwenyewe alipokomesha jambo hilo Januari 1964. Lakini juu ya uraia alisimama imara.

Sasa turudi kwetu. Migodi na reli za Katanga zilivuta watu wengi kutoka Kasai. Katika uchaguzi wa miji wa mwaka 1957, mjini Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, wengi walioshinda walikuwa watu wa kutoka nje ya Katanga. Wenyeji wakaogopa, na mwaka 1958 chama cha Conakat kikaundwa ili kuwatetea “Wakatanga wa kweli.” Mei 1960 Conakat ikapata viti 25 kati ya 60 vya baraza la jimbo, na muungano wa Balubakat wa Jason Sendwe, wenye nguvu huku kwetu kaskazini, ukapata 22. Sheria ilidai theluthi mbili za wajumbe wawepo ndipo serikali ya jimbo ichaguliwe. Wajumbe wa Balubakat walipotoka barazani, kazi ikasimama. Je, wakubwa waliwaita wakae pamoja wapatane? La. Mwezi wa Juni, Bunge la Ubelgiji likaibadili sheria, nusu tu ya wajumbe ikatosha, na upande mmoja ukaunda serikali ya Moïse Tshombe.

Tarehe 11 Julai 1960 Tshombe akaitenga Katanga na Kongo. Kaskazini ikakataa. Vijiji vikachomwa, watu wakakimbilia porini, na vita ya kujitenga haikwisha mpaka Januari 1963. Sendwe mwenyewe aliuawa hapa mjini petu Juni 1964, wakati mji ulipoitwa bado Albertville. Hatusemi kanuni ile moja ilileta maovu yote. Lakini wanyonge wakiona sheria inageuzwa ili wasihesabiwe, huacha kuitumaini sheria.

Wala tusidhani hayo ni mambo ya wazee tu. Tangu 2013 Watwa na Waluba walipigana katika jimbo letu la Tanganyika, na maelfu mengi ya wakimbizi walijaa kambi kandokando ya Kalemie. Watwa walikuwa msituni kabla ya wengi wetu kufika. Kumbe tunaojiita wenyeji tumemfanya mwenyeji wa kwanza kuwa mgeni! Alilima mashamba ya wengine kwa malipo duni, wala hakuitwa barazani. Julai 2022 nchi yetu ilipata sheria ya kulinda haki za Watwa na mbilikimo wengine. Ni sheria njema, lakini karatasi haimkaribishi mtu kitini.

Mtume Paulo aliwafundisha Wagalatia kwamba katika Kristu hakuna tena tofauti ya Myahudi na Mgiriki. Basi, tusiwangojee wakubwa wa Kinshasa. Katika shirika letu, katika halmashauri ya parokia, katika kamati ya shule, nani hajaitwa bado? Aliyechaguliwa kuwa mkubwa aanze kwa kumtafuta huyo, hasa ikiwa hana kura ya kumpa.